Kunyanyua chuma kutoka ardhini: ni siku ipi ya wiki inayofaa?

Katika vilima vya Giteranyi, eneo la Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, kunyanyua kitu kizito kutoka ardhini ni kazi kabla ya kuwa mazoezi. Gunia la maharage huinuliwa hadi kwenye baiskeli, dumu la maji huinuliwa kutoka kwenye chemchemi, mkungu wa ndizi huinuliwa kutoka shambani hadi kichwani. Kijana wa huko anayeamua kuongeza mazoezi ya vyuma juu ya kazi hizo hukabiliwa na swali ambalo mwenzake anayeketi ofisini mjini Gitega au Bujumbura halioni kuwa zito: zoezi la kunyanyua chuma kutoka ardhini liwekwe siku gani ya wiki ili mgongo usichoke kupita kiasi?

Swali hilo si la wanamichezo peke yao. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo yaliwapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020, nayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Mkulima au mpakiaji mizigo akiumia mgongo, hapotezi zoezi la wiki tu. Hupoteza ujira wa siku, na wakati mwingine msimu mzima wa kilimo.

Zoezi lenyewe ni lipi?

Wanaofanya mazoezi ya nguvu huliita dedilifti. Chuma chenye uzito pande zote mbili huwekwa ardhini, mtu husimama karibu nacho, huinama kwa kukunja nyonga na magoti huku mgongo ukiwa umenyooka, hukishika, kisha husimama wima nacho mikononi. Baada ya hapo hukirudisha chini kwa utaratibu. Hakipandi begani wala hakipiti juu ya kichwa.

Licha ya wepesi wa maelezo yake, ni miongoni mwa mazoezi yanayotumia sehemu kubwa zaidi ya mwili kwa wakati mmoja. Makalio na misuli ya nyuma ya mapaja hunyoosha nyonga. Misuli ya mbele ya mapaja hunyoosha magoti. Misuli inayopanda kandokando ya uti wa mgongo huuzuia usipinde. Misuli mipana ya mgongo hukiweka chuma karibu na mwili, na viganja hubeba uzito wote bila kupumzika hadi chuma kirudi chini.

Katika mchezo wa kunyanyua uzito wa Olimpiki, zoezi hilo halimo. Huko washindani hupandisha chuma juu ya kichwa. Dedilifti ni ya mchezo mwingine unaoitwa pawalifti, ambao shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa mwaka 1972. Washindani wa mchezo huo hufanya mambo matatu kwa mpangilio usiobadilika: kuchuchumaa na chuma begani, kusukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi, na mwisho kunyanyua chuma kutoka ardhini. Miongoni mwa watu wenye nguvu zaidi duniani, Mwingereza Eddie Hall alinyanyua kilo 500 mjini Leeds mwaka 2016, na Hafthor Björnsson wa Iceland akanyanyua kilo 501 mwaka 2020. Hall alitokwa na damu puani baada ya jaribio hilo. Hata mabingwa wa kiwango hicho hawajaribu uzito wao wa mwisho kila wiki. Huufikia baada ya miezi ya mazoezi mepesi zaidi.

Kwa nini siku ina umuhimu?

Misuli haiongezeki nguvu wakati wa kunyanyua. Wakati huo huchoka na nyuzi zake hupata michubuko midogo. Nguvu hujengwa baadaye, mtu anapokula na kulala. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi mapya au mazito kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Ndiyo maana wataalamu wengi wa mazoezi hupendekeza angalau saa 48 kati ya vipindi viwili vizito vinavyotumia misuli ileile.

Ugumu wa dedilifti ni kwamba misuli yake haifanyi kazi hiyo pekee. Mgongo wa chini unaotumika kunyanyua chuma ndio huohuo unaomshikilia mtu anapochuchumaa na chuma begani, na ndio unaomshikilia anapoinama kuvuta chuma kuelekea tumboni. Viganja vinavyochoka katika dedilifti ndivyo vinavyohitajika kujivuta kwenye mtambo. Mtu anayefanya dedilifti nzito Jumatatu na kuchuchumaa kuzito Jumanne anaweza kudhani amebadilisha zoezi, kumbe mgongo wake umefanya kazi siku mbili mfululizo.

Kutokana na hilo, siku ya dedilifti haichaguliwi kwa kuangalia siku hiyo tu. Huchaguliwa kwa kuangalia siku iliyotangulia na siku inayofuata.

Mipangilio inayotumika zaidi

WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, inawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za shughuli za kiasi cha wastani kama kutembea kwa haraka. Kuanzia hapo, watu hugawa wiki kwa namna tofauti.

Mpangilio wa kwanza ni wa siku mbili au tatu za mwili mzima. Unawafaa wanaoanza na wenye kazi nyingi. Katika mpangilio huu, dedilifti huwekwa siku moja tu, na kuchuchumaa na chuma huwekwa siku nyingine. Kwa mfano, anayefanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anaweza kuchuchumaa Jumatatu, kufanya mazoezi mepesi ya kifua na mikono Jumatano, kisha kunyanyua kutoka ardhini Ijumaa. Mgongo hupata siku mbili au tatu kamili za nafuu kati ya kazi nzito moja na nyingine.

Mpangilio wa pili ni wa siku nne, mbili za sehemu ya juu ya mwili na mbili za sehemu ya chini. Hapa dedilifti hukaa katika moja ya siku za miguu, na kuchuchumaa kuzito hukaa katika ile nyingine. Siku ikiwa ya dedilifti, kuchuchumaa hufanywa kwa uzito mdogo au huachwa, na vilevile kinyume chake.

Mpangilio wa tatu hugawa wiki katika siku ya kusukuma, siku ya kuvuta na siku ya miguu. Huu ndio unaozua mabishano mengi zaidi miongoni mwa wanamazoezi. Wapo wanaosema dedilifti ni kuvuta, kwa hiyo iwekwe pamoja na mazoezi ya mgongo. Wapo wanaosema nguvu yake hutoka nyongani na mapajani, kwa hiyo iwekwe siku ya miguu.

Kila upande una hoja. Ikiwekwa siku ya kuvuta, miguu hubaki na nguvu kwa ajili ya kuchuchumaa, lakini hatari hutokea iwapo siku ya miguu inafuata kesho yake, kwa sababu mgongo utakuwa bado umechoka. Ikiwekwa siku ya miguu, uchovu wote wa mgongo wa chini hukusanywa mahali pamoja na siku nyingine hubaki nyepesi, lakini mtu hulazimika kuchagua lipi litangulie, kuchuchumaa au kunyanyua, kwa maana la pili litafanywa kwa nguvu zilizopungua. Suluhisho la kawaida ni kutanguliza lile ambalo mtu analipa umuhimu zaidi kwa kipindi hicho, na kulifanya la pili kwa uzito mdogo. Anayechagua siku ya kuvuta hana budi kuacha angalau siku moja, na ni bora ziwe mbili, kabla ya siku ya miguu.

Jambo moja halina ubishi mkubwa: ndani ya siku yenyewe, dedilifti huwekwa mwanzoni, baada ya kupasha mwili moto. Ni zoezi linalodai umakini, na mwili uliochoka hupinda mgongo bila mwenyewe kutambua. Washindani wa pawalifti huifanya mwisho kwa sababu kanuni za mashindano ndivyo zilivyo, si kwa sababu ndilo jambo bora mazoezini.

Kazi ya shamba nayo ihesabiwe

Mipangilio hiyo yote iliandikwa kwa ajili ya watu ambao, wakitoka kwenye chumba cha mazoezi, hawanyanyui tena kitu kizito. Hali ya Giteranyi ni tofauti, na hapa ndipo vijana wengi hukosea.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha. Mtu anayenyanyua chuma cha kilo 60 mara tano, kwa seti tatu, amenyanyua jumla ya kilo 900. Mpakiaji anayepandisha magunia 40 ya kilo 50 kwenye lori amenyanyua kilo 2,000 katika kazi moja, tena gunia halina mahali pazuri pa kushika, na mara nyingi mwili hujipinda pembeni wakati wa kulitupa. Mgongo hautofautishi mzigo wa ujira na mzigo wa mazoezi.

Viwango vya kimataifa vinatoa picha ya uzito huo. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo cha juu cha mzigo unaobebwa na mwanamume mtu mzima kwa mikono, na linataka mizigo ya wanawake na vijana iwe midogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Gunia la kahawa linalotumika katika biashara ya kimataifa lina kilo 60. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, kwa upande wake, huanza hesabu zake kwa kilo 23 pale mazingira yote yanapokuwa mazuri, kisha hupunguza kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili, chini zaidi, au unavyonyanyuliwa mara nyingi.

Kwa hiyo, mtu anayepakia magunia siku ya soko anapaswa kuiandika siku hiyo katika ratiba yake kuwa siku ya dedilifti. Amekwisha kuifanya. Iwapo soko ni mara mbili kwa wiki, hana sababu ya kuongeza siku ya tatu yenye uzito mkubwa. Kinachomfaa ni kipindi kimoja cha uzito wa wastani, kilichowekwa katikati ya siku hizo mbili, kwa lengo la kufundisha mwili namna sahihi ya kunyanyua, na si kwa lengo la kupima nguvu.

Hali kadhalika kwa kulima. Mtu aliyeinama na jembe tangu asubuhi ameutumia mgongo wa chini kwa saa nyingi, ingawa hakubeba chochote. Jumamosi asubuhi, ambapo wananchi wa Burundi hushiriki kazi za pamoja za maendeleo, nayo ihesabiwe iwapo kazi ni ya kuchimba au kubeba mawe. Kuweka dedilifti nzito Jumamosi jioni baada ya kazi hiyo ni kuurudishia mwili mzigo uleule.

Wanawake wanahusika kwa namna ya pekee. Wengi hubeba maji na kuni kila siku, mara nyingi wakiwa na mtoto mgongoni. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mazoezi ya nguvu yanawafaa wanawake sawasawa na wanaume, lakini aliyejifungua hivi karibuni apate kwanza ushauri wa mkunga au muuguzi kabla ya kurudia mizigo mizito.

Misimu na mfungo

Wiki haisimami peke yake. Imo ndani ya msimu. Kilimo cha Burundi hugawanywa katika misimu mitatu: msimu A unaoanza karibu na mwezi Septemba, msimu B unaoanza karibu na Februari, na msimu C wa mabondeni wakati wa kiangazi. Majuma ya kulima na ya kuvuna si majuma ya kutafuta rekodi mpya ya uzito. Wakati huo inatosha kulinda nguvu iliyopo kwa kipindi kimoja kifupi kwa wiki, chenye uzito wa wastani na marudio machache. Kuongeza uzito kunafaa zaidi katika majuma ambayo kazi za shamba zimepungua.

Kwa Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya jamii zinazozungumza Kiswahili nchini Burundi, mwezi wa Ramadhani huleta swali la saa. Kunyanyua vyuma vizito mara tu baada ya daku kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu atakaa mchana kutwa bila maji ya kurudisha jasho alilopoteza. Ya pili ni ya kimaumbile: usiku, mtu anapolala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba, hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka mgongo huwa umekaza na haustahimili vizuri kuinama kwa nguvu. Kasoro hiyo ya pili huwahusu watu wote, mwaka mzima. Anayeamka alfajiri na asubiri kama saa moja, akitembea na kufanya kazi nyepesi, kabla ya kugusa uzito. Katika mfungo, baada ya futari ni wakati bora, kwa uzito uliopunguzwa.

Wakimbiaji nao

Burundi inajulikana zaidi kwa mbio. Vénuste Niyongabo alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba akatwaa fedha ya mita 800 mjini Rio mwaka 2016. Vijana wengi wanaofuata nyayo zao huogopa kwamba vyuma vitawafanya wazito. Kiasi kidogo cha mazoezi ya nguvu hakimfanyi mkimbiaji awe mnene. Humsaidia kusukuma ardhi kwa nguvu zaidi na kutunza umbo la mwili wake anapochoka.

Kwao, kanuni ya makocha wengi ni kuweka vitu vigumu pamoja. Dedilifti hufanywa siku ileile ya mbio za kasi, baada ya mbio na baada ya saa kadhaa za mapumziko, ili siku inayofuata ibaki nyepesi kweli. Anayefanya vyuma katika siku yake ya mapumziko hana tena siku ya mapumziko. Siku mbili zinazotangulia mashindano au mbio ndefu ya wiki hazifai kabisa.

Kiasi, namna na vifaa

Anayeanza hahitaji zaidi ya seti mbili au tatu za marudio matano hadi manane, mara moja kwa wiki, kwa uzito unaomwachia uwezo wa kufanya marudio mawili au matatu zaidi. Akiweza kuzidisha lengo lake kwa rudio moja au mawili bila umbo kuharibika, huongeza asilimia 2 hadi 10. Kwa chuma cha kilo 50, hiyo ni kilo 1 hadi 5.

Mahali pasipo na vyuma vya dukani, vijana wa Afrika Mashariki na Kongo wamezoea kumimina saruji kwenye makopo mawili yaliyounganishwa kwa bomba. Kifaa hicho kinafaa, mradi pande zote mbili zipimwe kwenye mizani ya sokoni zilingane. Dumu mbili za maji, moja kila mkono, pia hufaa, na uzito wake hurekebishwa kwa kupunguza maji.

Makosa makubwa ni manne: kusimama mbali na mzigo, kupinda mgongo, kujipinda pembeni ukiwa mzigoni, na kuuvuta mzigo kwa ghafla. Anayejirekebisha katika makosa hayo siku ya mazoezi hujikuta ananyanyua hata gunia kwa namna salama zaidi.

Zipo dalili zisizopaswa kuvumiliwa. Maumivu yanayoshuka kutoka mgongoni hadi chini ya goti, ganzi au udhaifu wa mguu yanadai kuacha kunyanyua na kwenda kwenye kituo cha afya. Ganzi sehemu za siri, au kushindwa kudhibiti mkojo au choo, ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kupanga wiki

Mwenye kutaka kupanga ratiba yake anaweza kuanza kwa karatasi yenye siku saba. Kwanza aandike siku za mizigo na jembe, ambazo hana uwezo wa kuziondoa. Kisha atafute siku iliyotanguliwa na usiku wa usingizi wa kutosha na kufuatwa na siku nyepesi. Hiyo ndiyo siku ya dedilifti. Kuchuchumaa kuzito kuwekwe mbali nayo kwa siku mbili au tatu, na mazoezi ya kifua na mabega yajaze siku za katikati.

Iwapo juma fulani halina siku ya namna hiyo, kwa sababu mavuno yameiva au lori limefika mara tatu, dedilifti huachwa hadi juma linalofuata. Nguvu haipotei kwa wiki moja, lakini mgongo ulioumia unaweza kumweka mkulima nyumbani hadi mvua za kupandia zikapita.